Bati la Kopo la Maziwa

Mwalimu Bikombo kaja asubuhi, gari imevutwa
kwa kamba toka Wingwi, nyuma ya keri ya mchanga.
"Haivuti," kasema. "Kilimani nimeshuka,
wamenisukuma watoto wa skuli.
Na taa ya njano, ile mfano wa kasa mdogo,
inawaka tangu mfungo mosi."
Kibandiko cha Mashallah kimeifunika nusu.

Nilianzia chini. Nikayagonga masega kwa spana,
yakalia ndani kama karanga kwenye mkebe.
Nikayafungua. Vile vitundu vya nyumba ya nyuki
vimeyeyuka, vimegandana,
chungu kilichosahauliwa jikoni.
Moshi unataka kutoka, mlango umezibwa,
unarudi na joto lake ulikotoka.
Valvu mbili zimeungua midomo.
Silinda ya tatu imechanwachanwa na vumbi
kama paka kapita na kucha.

"Ni uzee?" kauliza.
Sikujibu. Nilikuwa nishapanda juu,
kwenye kale kabomba kanakorudisha moshi kidogo
injini iunywe tena, ipoe.
Watu hawaamini: moshi kupoza moto.
Lakini injini isiyoonja moshi wake
huwaka kupita kiasi,
hugonga, ti, ti, ti, kila kilima,
na masega yaliyo nyuma ndiyo yanayoungua.

Boliti mbili. Zilikubali upesi mno,
kama mbwa anayemjua mwenyewe.
Katikati, bati.
Bati la kopo la maziwa, limekatwa kwa mkasi,
kona moja imekunjika, maana mkasi ulikuwa butu.

Miaka minane.
Mwenye gari akiitwa Mbwana Shaame,
ana duka la mikoba Wete, mtu wa haraka.
Valvu imeshikwa na masizi, mpya isubiriwe toka Dubai.
Nikamwambia, tuzibe tu, itakwenda.
Nikapokea elfu kumi na tano,
nikanunua changu wawili na unga wa ngano,
na gari ikaenda. Wallahi ikaenda.
Ikauzwa. Ikauzwa tena.
Mpaka mwalimu akakopa ushirika
akainunua na homa yake ndani.

"Nani kaweka hiki?"
Kakichukua, kakisugua kwa kidole, kakigeuza kwenye mwanga.
Kuna tarakimu zilizopigwa muhuri kiwandani.
Yeye ni mtu wa kusoma, husoma kila kitu.
"Maziwa haya," kasema, "yamekwisha muda
miaka saba sasa."
Akacheka peke yake.

Nilifuta mikono. Ilikuwa safi tayari.
Msikitini wanajaribu spika, fuu, fuu,
adhuhuri haijaingia.
"Mwalimu," nikasema, "kaa kwanza.
Habari ya pesa tuiache.
Ule mkasi hapo ukutani, nyuma yako,
hebu nipe."