Baki

Uniti ziliisha Bugarika saa mbili kasoro,
mita ikalia ukutani kama panya aliyebanwa.
Shangazi Nkwimba akanipa karatasi ya dukani,
tarakimu ishirini, nne nne:

4071 9938 2265 1704 5837

"Usiingize kwanza," akasema. "Zijaribu."
Mikono yake ilinuka dagaa wa Mwaloni.
Chemli ikatupa kivuli chetu kimoja juu ya kalenda.

Si shufwa, nikasema, inaishia saba.
Tatu? Nikajumlisha: tisini na moja. Haikubali.
Kumi na moja, basi. Chukua moja, ruka moja:
arobaini hawa, hamsini na moja wenzao.
"Tofauti?"
Kumi na moja.
Alicheka hadi jirani akagonga bati.

Nikagawanya. Kilichotoka nikakipima tena:
thelathini na nne huku, thelathini na nne huku,
mzani wa Mwaloni siku ile adimu
ambayo hakuna aliyeuwekea kidole.
Mara ya tatu ukagoma.

Mkononi nikabakiwa na hii:

336528415095182197

Nikaigonga kwa saba, kwa kumi na tatu, kumi na saba,
kumi na tisa, nikapanda nayo hadi thelathini na moja,
penseli imebaki kama punje ya mhindi.
"Labda ni tasa," nikasema,
nikatamani kulimeza neno.

Ndilo alilorudishwa nalo kutoka Geita,
yeye na godoro lake, juu ya lori la mihogo.
Ndilo wifi zake walilolisema kwa sauti ya kusalimia.
Na mwalimu wetu aliliandika ubaoni kwa chaki ya njano,
darasa zima tukanakili.

Shangazi akafuta kioo cha chemli kwa ncha ya khanga.
"Tasa ana wawili," akasema. "Moja, na yeye mwenyewe.
Haya ingiza, sato wangu ataoza kwenye friji."

Nikabonyeza. Mita ikafikiri.
Uniti kumi na nne nukta mbili.
Mwanga ukaruka dirishani,
ukagonga jabali lililo nyuma ya choo.

Wino wa karatasi zile haudumu.
Nilipokwenda kufunga nyumba, mwaka wa pili tangu tumzike,
niliikuta chini ya godoro, nyeupe tupu.
Lakini nyuma ya mlango wa jiko, kwa mkaa,
zile kumi na nane zote, hakuna iliyopotea,
na chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeachia darasa la nne:

37 hapana
41 hapana
43 hapana

safu ikishuka, miaka kwa miaka, mkaa huu mweusi, ule wa kijivu,
hadi 89 hapana,
halafu 97, na mgawanyo ulioishia katikati.

Ziwa lilikuwa limetulia kule chini, rangi ya sufuria.
Nikaokota kipande cha mkaa mekoni,
nikapiga magoti, nikaendelea alipoachia.
Baki ishirini na sita.
Nikaandika: hapana.
Kisha, chini yake: 101.