Wa Tano

Benki ilizing'oa diski kwanza,
kwa ajili ya siri za wateja, walisema,
ndipo ikatuletea Newala mafuvu kumi na mawili
ndani ya magunia ya korosho.

Somoe Chitanda akayapanga kwenye rafu ya mbao za kreti:
bodi tupu, nyaya nje.
Feni moja aliipuliza kwa mdomo;
salfa ya msimu uliopita
ikamtoa chafya tatu.

Kisha akabana chipu kwa kibanio, mguu kwa mguu,
akafuta ile programu ya kiwandani
iliyodai diski kila asubuhi na kuganda hapo hapo,
akachoma nyingine, ya wazi,
inayosomeka mstari kwa mstari.
"Hii hata ikikosea," akasema, "naona ilipokosea."

Sasa kila moja huamka haina jina.
Hubisha hodi kwenye waya: mimi nani?
Na mashine mama, yenye diski peke yake, hujibu:
wewe ni wa saba. Shika, kazi yako hii.

Umeme ukikatika, zote husahau.
Hesabu za mvua za miaka thelathini
hukwama katikati ya masika fulani.
Tunakaa gizani, feni zikiishiwa pumzi.
Mimi napiga mahesabu ya hasara.
Somoe ananyoosha miguu, anamenya chungwa.

Unarudi. Hodi, hodi, hodi,
taa za kijani zinapepesa,
nazihesabu kwa kidole: kumi na moja.

"Bado wa tano," anasema, mdomo umejaa.
"Muache. Yule huchelewa."