Hesabu ya Ragnhild

Mimi ndiye ninayekata nyasi pale Haugen,
kila Jumamosi, tangu mashine hii ilipokuwa bado nyekundu.
Kaunti hunilipa dola arobaini na petroli.
Wafu hawajawahi kulalamika.

Makaburi mia na kumi na saba, kilima kidogo,
mahindi kushoto, mahindi kulia,
upepo wa Dakota usiojua kukaa,
na barabara ya changarawe inayofika langoni ikachoka.
Kanisa lilihamishwa juu ya magurudumu
likaenda mjini kuwa duka la mbegu.
Wafu wakabaki. Nani angewabeba?

Mwezi wa kumi huja vijana.
Asubuhi naokota makopo ya bia, vipisi vya sigara,
mara moja kiatu cha kike, cha mguu wa kushoto.
Wanazima taa za gari, wanaziwasha mara tatu,
wanaghani walichorithi kwa kaka zao:

    Mama taa, mama taa, usinitaje kwa namba,
    hesabu waliolala, mimi ningali najamba!

Wanasema Ragnhild hupita na fanusi kati ya mawe
akihesabu, na akikuhesabu wewe
huyaoni mavuno yajayo.
Wanasema aliwapa wanawe wanne sumu ya panya.
Kila mwaka wanamwongezea kitu;
mwaka huu ana kisu.

Lisemwalo lipo. Sawa, lipo.
Ila halipo pale wanapolimulika.

Daftari la mchungaji liko kwa binti wa marehemu Torvald Mehus,
ndani ya friza iliyokufa, chini ya vitambaa vya Krismasi.
Nililisoma kwa Kinorwe cha bibi yangu, kinachochechemea.
Januari, mwaka wa themanini na moja, karne ile:
Anders, miaka tisa. Gunhild, sita. Peder, minne.
Mchanga, bila jina.
Dondakoo. Siku kumi na moja.

Ardhi ilikuwa chuma. Sururu ilirudi na cheche.
Basi wafu wa baridi ile walipangwa ghalani kwa Mehus,
masanduku ya msonobari juu ya mbao,
wasubiri Aprili.
*Na panya,* aliandika mchungaji, *wana njaa kama sisi.*

Ikawa kila usiku mama yule
anavuka shamba, theluji magotini, fanusi mkononi,
anaketi ghalani na mpini wa ufagio.
Mmoja, wawili, watatu, wanne.
Usingizi unamkosesha, anaanza tena.
Usiku sabini na nane.
Mumewe alimfuata mara mbili, kisha akaacha;
akawa analala bila kutia komeo mlangoni.

Niliwahi kuwasimulia vijana.
Msichana wa akina Lindquist, mwenye pete puani,
akasema, "Hiyo inatisha zaidi."
Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Mawe ya wale wanne yana wanakondoo juu,
masikio yamelambwa na mvua
hadi wanafanana na vipande vya sabuni.
Jiwe la mama halipo. Alizikwa wapi,
daftari halisemi.

Jumamosi iliyopita giza lilinikuta.
Nilidondosha funguo, nikazitafuta kwa tochi,
nikiinama jiwe kwa jiwe.
Barabarani gari likapunguza mwendo, likasimama,
kisha likachomoka, changarawe zikaruka.
Kesho mjini watasema wamemwona.
Nikacheka peke yangu, kicheko cha mzee, nusu kikohozi.

Halafu, sijui kwa nini,
funguo tayari zi mfukoni,
nikarudi kwa wale wa sabuni.
Mmoja. Wawili. Watatu.
Nikapoteza hesabu, nikaanza tena.
Wa nne alikuwa amefunikwa na nyasi,
mimi ninayelipwa kuzikata.