Kangomba ya Pumzi

Mume wangu huanza kutafuta pumzi kabla hajaamka.
Nakisikia kifua kinapapasa
kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.
Kikohozi kimoja, kikavu. Halafu adhana.

Cheti chake kimo kwenye mfuko wa nailoni
pamoja na kadi za kliniki za watoto.
Kimeandikwa nimonia.
Sisi tulisema changamoto ya upumuaji,
kama wote walivyosema, maneno marefu
yaliyofungwa tai shingoni.
Biti Likwati peke yake alisema ugonjwa ule,
na akifika kwenye "ule" alishusha sauti
kama anayepita mbele ya mlango wa mkwewe.

Mtungi ulikuwa mmoja, vifua vinne.
Nikapanda bodaboda hadi Mahuta, kwa Chinguile.
Mikorosho ilikuwa bado maua.
Akaja shambani, akatembea katikati ya mistari,
akahesabu magunia ambayo hayajawa.
"Saba," akasema. Nikatia dole gumba.

Kangomba kila mtu anaijua hapa Tandahimba,
hata anayeikataza mkutanoni.
Watu wameuza korosho changa kwa sare za shule,
kwa mahari, kwa bati, kwa msiba.
Mimi niliuza maua nikanunua hewa,
hii hii inayopita bure kwenye nyavu za dirisha.

Akapona. Ndivyo tunavyosema, akapona.
Mashine ya salfa inaning'inia ukutani,
mkanda wake bado una umbo la bega lake.
Siku hizi anapuliza Twalibu, kwa malipo ya kila mti,
na Mtipa wangu anasimama mbali, leso mdomoni,
anaelekeza kwa mkono: ule, umeuruka ule.
Sauti haimfiki kijana.
Mti ulioruka unaota ubwiri unga.
Mwaka juzi iliruka kumi na mmoja.

Redio inasema uchumi umepanda.
Sibishi. Hata njia ya kisimani,
iliyokuwa tambarare tangu nilipoolewa,
imepanda; mume wangu anaipumzikia mara tatu.

Shemeji Nambunga alirudi kutoka Mwenge na viroba viwili
vya vinyago ambavyo ndege hazikuja kuvichukua.
Watalii wamerudi, anasema, wamejaa kaskazini.
Fremu yake ina kijana anauza kava za simu.
Kinyago kimoja tumekiegesha mlango wa jiko:
watu kumi na wanane wamepandana mabegani
kumzuia mbuzi.

Na ile ndoo yenye koki, ya kunawia, ya pale shuleni,
iko kwa mama Chitanda. Inatoa uraka.
Hiyo angalau imepata kazi.

Msimu huu mnada ulifunguka vizuri.
Pesa ziliingia kwenye simu usiku,
nikaamka nikazisoma, nikazisoma tena,
asubuhi Chinguile akawa uani.
Magunia saba yamezaa, kumbe. Deni nalo lina maua yake.
Nilikuwa nimeyapanga maneno. Miaka nimeyapanga,
nikibangua, nikiteka maji, nikimsugua mtu mgongo
kwa mafuta ya mkaratusi saa nane za usiku.

Akafungua mdomo kutaja kiasi
na kiasi hakikutoka.
Akashika nguzo ya baraza.
Niliijua ile namna ya kushika,
vidole vinne juu, gumba kifuani.
"Tangu lini?" nikamuuliza.
Akaonyesha kwa mkono: nyuma, nyuma kule.
Mwaka ule ule.

Sikumpa pole. Nilimpa kigoda.
Mtipa akasogea kumpisha kivulini.
Wakakaa wawili, mdai na mdaiwa,
wanavuta, wanaachia, hawapatani mwendo,
na mimi, pesa mkononi, simu inawaka na kuzimika,
nikajikuta nahesabu pumzi
sijui za nani.