Majivu ya Damu

Saa tano usiku walimleta Somoe kwa bodaboda,
kabanwa kati ya dereva na mama yake kama gunia la msimu,
na jirani aliyetangulia alishatoa hukumu mlangoni:
"Kalewa huyo. Mnuseni mdomo."

Nikanusa.
Kweli, pumzi ilinuka mabibo yaliyolala pipani,
utamu ulioanza kugeuka,
na ni Novemba, Newala nzima yanuka hivyo.
Lakini mlevi hapumui namna ile,
kifua kuvutwa mpaka kitovuni, bila kituo,
kama mtu anayepanda na ndoo toka bondeni,
naye kalala chali, hajabeba kitu.

"Taratibu, mwanangu. Pumua taratibu,"
mama anampapasa kwa vidole vyeusi,
vidole vya kubangua korosho,
ngozi imebanduka kama tangazo la mwaka juzi ukutani.

Mwache, mama Somoe.
Siyo pumu. Siyo jini.
Mbio hizo ni dawa aliyojipikia mwenyewe.

Nilitaka kumweleza nilivyofundishwa chuoni,
bikaboneti, saba nukta nne,
ubaoni mshale unakwenda, mshale unarudi.
Macho yake yakanipita.
Nikamshika mkono.
Ukibangua, unapaka nini kwanza?
"Majivu."
Kwa nini?
"Mafuta ya ganda yanaunguza."
Na majivu yakiisha?
Akatazama vidole.

Basi damu nayo ina majivu yake.
Sukari imejaa mle, imekosa mlango wa kuingilia,
mwili una njaa katikati ya karamu,
umeanza kuchoma mafuta yake wenyewe,
na masizi ya moto huo ni tindikali.
Majivu yamepakwa, yamepakwa, yamekwisha.
Figo zinakwangua sufuria.
Yamebaki mapafu, yanakomba uchachu
na kuumwaga nje, pumzi kwa pumzi.

"Kwa hiyo akipumua polepole..."
Usimwombee hilo. Bado.

Kijiti cha mkojo kiligeuka zambarau iliyoiva.
Mashine ya kupima uchachu wa damu hatuna;
tuna saa ya ukutani, inayochelewa dakika sita,
na kiganja changu juu ya mbavu za mtoto.
Maji ya chumvi yakaanza kudondoka. Insulini, kidogo kidogo.
Thelathini na nane kwa dakika.
Saa nane, thelathini na sita.
Saa tisa na nusu, thelathini.
Saa kumi na moja, ishirini na mbili,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Maana pumzi hushuka kwa sababu mbili:
mzigo umepungua,
au mbebaji amechoka.
Gizani mlio wake ni mmoja.

Nikainama, nikanusa tena.
Mabibo yalikuwa mbali, kama ya nyumba ya tatu.
Somoe.
Jicho moja likafunguka.
"Mbona mnaninusanusa?"

Mama alicheka, akalia, akacheka.
Kwenye benchi la nje jirani alikuwa anakoroma,
na uraka, kumbe, ulikuwa wake.

Kulipokucha mama akaniuliza, sauti ya chini,
kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Na hayo majivu ya kwenye chupa,
atapakwa mpaka lini?"

Kila siku, nikasema. Maisha yake yote.
Kisha nikaenda kufungua friji,
nikahesabu chupa,
nikahesabu tena.