Ukumbi Unapakwa Rangi

Barua ya mlezi wa wanafunzi ilibandikwa Alhamisi:
ukumbi unapakwa rangi, mhadhara umeahirishwa.
Nikanusa dirishani. Wapi.
Viti mia mbili nilivyovipanga mwenyewe,
kipaza sauti kimelala chali kama mgonjwa.

Simpendi Nalinga, niseme mapema.
Ndiye aliyetamka pale Mtwara, hadharani,
kwamba waliotoka ng'ambo ya Ruvuma warudi kwao.
Bibi yangu aliuvuka na mtoto mgongoni,
na mtoto huyo ndiye mama.

Nilikuwa na swali.
Nililiandika mara tatu, la mwisho
nyuma ya stakabadhi ya korosho za mama:
Mheshimiwa, maji ya Ruvuma
kwao ni ukingo upi?

Jioni akasimama nje ya geti, juu ya pikapu.
"Wananiogopa!"
Wakampigia makofi
hata waliokuja kumzomea.
Nikanyoosha mkono, nikaushusha;
pikapu haina kipindi cha maswali.

Leo nimefua suruali.
Karatasi imetoka mfukoni uji mtupu,
wino umeacha doa la buluu pajani,
rangi pekee niliyoiona wiki nzima.