Karela Siku ya Mshahara

Tarehe kumi na tano. Mshahara umeingia,
na nusu yake imeshatokea mlango wa nyuma:
kodi ya chumba hapa Mandaluyong, ghorofa ya nne,
karo ya Dodong, umeme.

Kilichobaki ni cha kujaribia.
Mwezi uliopita nilijaribu samaki mbichi,
kabla yake jibini lenye ukungu wa buluu
lililonuka soksi za mlinzi wetu, Mang Urbano.
Florabel wa uhasibu hunicheka:
"Wewe, Maricel, ulimi wako hauna kwao."

Leo, nimeshuka treni, watu wakinisukuma ngazini,
nikasimama mbele ya fungu la karela.
Kijani, makunyanzi matupu, bei chee.
Nilipokuwa na miaka saba niliificha chini ya wali,
kisha nikampa mbwa;
mbwa akanitazama, akaondoka.

Nikapiga simu Iloilo. Mama akanyamaza kwanza,
kama mtu aliyesikia hodi usiku.
"Ikate nyembamba. Itie chumvi, uikamue kwa mkono,
usiionee huruma. Yai mwisho."
Chumvi haikutosha. Nikamimina mchuzi wa samaki.

Chungu.
Chungu hadi sikio la kushoto.
Nikaonja tena, kuhakikisha.
Tonge la tatu sijui lilifikaje.

Iliyobaki nimeitia kwenye friji ya pamoja,
nikaandika jina langu juu ya kopo kwa wino mwekundu,
ingawa katika nyumba hii ya vijana sita
hakuna mwizi wa karela.